Mikono Yenye Udongo Mweupe

Nikikoroga udongo mweupe na maji, harufu yake hunijia kama ya mvua ya kwanza, na mikono yangu husita. Wanaonitembelea hapa Tangini, ninapofanyia kazi, huzitazama turubai zangu zilizobandikwa udongo, majivu na vipande vya kanga, kisha huniuliza nilisomea wapi. Huwatajia chuo. Ninyi nitawaambia ukweli.

Nilisomea kwenye ukuta wa nyumba yetu, Kibuta, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Kila Idi ilipokaribia, mama aliukandika upya, halafu akauchora kwa vidole, mistari iliyojipinda kama njia za mchwa. Gundi yake ilikuwa utomvu wa mkorosho, uliolowekwa mpaka ukalegea. Mimi nilikuwa natwanga mkaa, na kupiga chafya.

Nilipokuwa darasa la tano, shule ilifanya maonyesho ya picha. Nilitandaza kipande cha gunia la korosho, mama akanielekeza jinsi ya kubandika udongo na pindo la kanga kuukuu. Pale niliposhindwa, alibandika mwenyewe.

Siku yenyewe picha yangu ilitundikwa mbele. Mama alikuja moja kwa moja kutoka ukutani, mikono myeupe mpaka viwiko.

“Mama yako kaangukia pipa la unga?” akaninong’oneza Mwajuma, niliyekaa naye dawati moja. Wenzetu waliosikia wakacheka.

Mgeni kutoka wilayani akasimama mbele yangu. “Nani kakufundisha haya, binti?”

“Mwalimu.”

“Na mama huyu ni nani wako?”

“Jirani yetu.”

Mgeni akamgeukia mama, akamuuliza kama ni kweli. Mama aliificha mikono ndani ya kanga. “Ndiyo, baba,” akasema. “Nakaa jirani nao. Nimepita tu kuona kazi za watoto.”

Nilizawadiwa kisanduku cha rangi za maji. Jioni nilimpelekea mama, nikamwomba anionyeshe pa kuanzia. Aliendelea kupembua mchele.

“Hizo sizijui, mwanangu. Kamuulize mwalimu wako.”

Alisema kwa upole, nami nikaridhika kwamba hakukasirika. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa: alikuwa ameulizwa na mgeni swali ambalo jibu lake la kweli lingenifanya mwongo mbele ya shule nzima. Akachagua kutokuwa mama yangu. Na siku hiyo ndiyo pekee ambayo kazi yake iliwahi kutundikwa mbele za watu.