Njia ya Matofali Mabovu

Jumapili iliyopita nilimwambia mpwa wangu anisukume kwenye kiti changu cha magurudumu hadi mtaa wetu wa zamani, Juba Na Bari, nikakione kile kijito chetu pale kinapoingia mtoni. Siku hizi naishi mtaa wa Buluk, nashona nguo kwa cherehani ya mkono, na kila mwaka nilikuwa nasema nitaenda, nitaenda. Kijana akashangaa. "Shangazi, kule kuna nini?" Nikamjibu nataka kuona maji tu. Nilimdanganya.

Miguu yangu iliharibiwa na polio nikiwa mdogo, ukimbizini kule Arua, Uganda. Tuliporudi Juba nilikuwa na miaka tisa, na baisikeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono, tuliyopewa kanisani. Watoto wote wa mtaa wetu walikuwa wavuvi. Wakitoka shule hao, mbio kijitoni, na fimbo, uzi, ndoana, na tonge la asida, ugali wetu, la kuwa chambo. Ukingo ulikuwa umesimama kama ukuta. Wao waliteleza kwa makalio mpaka majini, mama zao watajua la kufanya na kaptula. Mimi nilibaki juu kuchunga ndara. "Tuchungie!" wanasema, wanazirusha karibu na gurudumu langu, wanapotea. Nilizichunga, na nilizichukia kila jozi.

Walinipenda, sikatai, hata samaki walinigawia. Lakini samaki wa kupewa, jamani, si samaki wako. Mimi nilitaka nimsikie akivuta uzi mkononi mwangu mwenyewe. Nililia kwa ajili hiyo, usiku nikijifunika shuka ili mama asisikie.

Hatua chache kutoka hapo kulikuwa na wafyatua matofali. Bado naisikia ile harufu ya moshi wa tanuri, na udongo ukipigwa pa! ndani ya kalibu. Walikuwa wamechimba njia ya kupandishia udongo kwa toroli. Kaka yangu akaitazama njia ile siku nyingi, halafu akasema, "Penye gurudumu la toroli, na lako litapita." Jumapili moja baada ya misa, wafyatuaji wakiwa hawapo, akaiba kamba ya mama ya kuanikia nguo, watoto sita wakaifunga nyuma ya baisikeli, wakaniteremsha polepole wakipiga kelele yala, yala, twende!

Wewe, acha tu. Nilikaa pale magurudumu yamelowa, nikatupa ndoana. Nikamkosa wa kwanza. Nikamkosa wa pili. Wa tatu alivuta, nikavuta, akatoka ngege mdogo ambaye hata kiganja changu hakukijaza. Nilipiga kelele mpaka ndege wakaruka.

Basi, wakati wa kurudi. Watoto sita wakavuta, baisikeli ikapanda kidogo, ikarudi majini. Wakavuta tena, kamba ikakatika. Wingu jeusi lilikuwa limekaa upande wa mlima, na sote tulijua kijito kile hujaa ghafla mvua ikinyesha huko juu. Mdogo wetu mmoja akaanza kulia, nami nikaogopa kweli.

Aliyetuokoa ni mkubwa wa wale wafyatuaji, Mganda mmoja mkali ambaye sote tulimkimbia. Alikuwa anapita kutoka kanisani na shati jeupe. Akaingia majini na viatu vyake, akanibeba mgongoni mpaka juu, akarudi kuchukua baisikeli. Shati likawa rangi ya udongo. "Nyinyi mulipima ya kushuka peke yake," akafoka. "Ya kupanda nani alipima?" Mimi nilikuwa nimemshika samaki wangu kifuani.

Nilijua uvuvi wangu umeishia hapo. Kumbe Jumamosi iliyofuata alikuja nyumbani akamwambia mama, "Leta kasichana, na baisikeli yake." Alikuwa amechimba njia nyingine, ndefu, inayozunguka ukingo taratibu, akaitandika matofali mabovu, yale yaliyopasuka motoni. Akaniambia nipande peke yangu. Yeye alitembea nyuma na matofali mawili mkononi. "Ukichoka, sema. Hapo ndipo naweka pa kupumzika."

Mahali pa kwanza nilisema, akaweka tofali moja. Mahali pa pili, kaka yangu alikuwa anatazama, nikaona aibu. "Sijachoka," nikasema, nikaenda mbele hatua kumi zaidi. Akanitazama, akaweka la pili pale niliposimama. Uongo wangu ule niliulipia kila jioni, miaka yote ya njia ile, maana pa pili palikuwa mbali mno.

Lakini tulivua! Watoto wadogo waliokuwa wakikatazwa ukingo wakaja kwa miguu yao. Jirani yetu mwenye mguu mmoja akaja na magongo yake, akawa anapumzika pa pili akinilaani, "Ni wewe uliyepaweka huku!" Tukacheka. Mama alinipikia samaki wangu kwenye bamia, akaniwekea mimi kichwa.

Yule Mganda aliondoka wakati wa vurugu, kama wengi walivyoondoka. Sikumwambia asante hata mara moja. Niliona kama njia ile itakuwepo siku zote.

Haipo. Jumapili nilikuta ukingo umejengwa vizuri, zege safi, na ngazi ndefu ya kushukia majini. Nilizihesabu zile ngazi kwa macho, moja moja, nikitafuta pa kupumzika. Mpwa wangu alisema, "Shangazi, nikubebe?" Nikamwambia hapana. Nilibaki pale juu, nikisikia watoto chini wakigombania chambo, na mikono yangu ikitaka uzi.

Hapo msichana mmoja akaja mbio na fimbo yake, akanitazama, akavua ndara, akaziweka karibu na gurudumu langu.

"Mama, nichungie," akasema, akashuka.

Nikamchungia.