Daktari wa Redioni

Andika, mjukuu wangu. Baba yangu aliitwa Rwegoshora, mzaliwa wa Kimwani. Mama aliitwa Kokwenda, mzaliwa wa Rubya. Juzi simu yako ilipiga vinanda visivyo na maneno, nikamkumbuka mama akiwa mgonjwa kitandani.

Siku ile, nikiwa mtoto mdogo, redio yetu ilipiga vinanda kama hivyo tangu asubuhi, kisha ukaja mchezo wa kuigiza. Mwanamke alilia, na sauti nzito ikamjibu, "Mimi ni daktari. Nakuja sasa hivi." Nilidhani tumejibiwa sisi. Nilitandika nyasi mbichi sebuleni, kama ilivyo desturi yetu mgeni anapokuja, zikanukia, nikaweka buni za kutafuna za kumkaribisha, nikasimama penye njia ya migombani.

"Amefika?" mama aliuliza kutoka chumbani.

"Bado, mama. Yuko njiani."

"Basi mngoje, mwanangu."

Baba, aliyekwenda kutafuta watu wa kumbeba mama hadi hospitali, alirudi jioni peke yake. Nilipomweleza ninayemngoja, alizima redio, akaketi juu ya zile nyasi.

Mama hakupona. Sasa najua kwamba alielewa tangu mwanzo kuwa hakuna daktari anayekuja, akauliza ili nisikose kazi ya kufanya.

Hifadhi hili, mjukuu wangu: usimwambie mgonjwa kwamba unakuja, ikiwa huji. Lakini nyasi za mgeni utandike.