Mnunuzi wa Hatifungani za Mzee Manji

Mzee Manji alipofariki aliacha duka la vifaa vya ujenzi Singida mjini, pamoja na hatifungani za serikali ambazo wanawe hawakuwahi kuzisikia. Duka lilibaki kwa Parvin, binti yake mkubwa, aliyeliendesha tangu baba alipoanza kuumwa miguu. Hatifungani waligawana nusu kwa nusu, yeye na mdogo wake Moez, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam na mkewe.

Parvin hakuwa mtu wa kuamini upesi. Hata Simeoni wa Mungaa, mteja wao wa tangu utoto, akileta noti za kulipia mabati, Parvin alizitazama kwanza kwenye mwanga. Basi Moez, ambaye zamani alimkumbuka dada yake sikukuu kwa sikukuu, alipoanza kupiga simu kila siku, Parvin aliingiwa na wasiwasi.

"Dada, uza sehemu yako. Hivi vitu vinashuka. Nina mtu atakupa thamani yote iliyoandikwa, bila kukata hata senti."

"Na wewe yako unauza?"

"Yangu nitaangalia baadaye."

"Huyo mtu ni nani?"

"Rafiki tu, dada. Humjui."

Siku ile Parvin aliuza misumari akili ikiwa haipo. Kama zinashuka, mbona mwenyewe anazikalia? Na rafiki gani anayekimbilia kununua kitu kinachoshuka? Labda Moez ana madeni. Labda amejiingiza kwenye kamari. Parvin alianza kumshuku hata marehemu baba yao: hatifungani hizo alikuwa akimficha nani?

Kesho yake alifunga duka mapema, akaenda benki.

"Shikamoo, mama," alisema Hana, mfanyakazi aliyempokea. Baada ya kumsikiliza alimweleza: "Hizi ni za zamani, riba yake ni kubwa kuliko ya zinazotolewa sasa. Ukiziuza sokoni leo utapata zaidi ya thamani iliyoandikwa. Ukikaa nazo, utalipwa riba kila nusu mwaka mpaka ziive, yaani muda wake uishe."

"Na wewe unapata nini nikikaa nazo?"

Hana alicheka. "Mshahara wangu ni uleule, mama."

Parvin hakucheka. Alivuka barabara, akauliza benki nyingine. Jibu likawa lilelile.

Moez alipopiga tena, Parvin hakumwambia kitu. "Nimekusikia," alisema, akakata simu. Alitaka kuona atafanya nini.

Siku iliyofuata simu ilitoka kwa Fareen, mke wa Moez.

"Wifi yangu, asante sana! Moez kaniambia umekubali. Nimeuza dhahabu zangu zote za harusi. Nitazitunza hizo hatifungani, ni za watoto."

Parvin alikaa kwenye mfuko wa saruji. "Kumbe mnunuzi ni wewe?"

"Kwani Moez hakukuambia?" Sauti ya Fareen ilibadilika. "Alisema wewe ndiye uliyetaja bei."

Parvin alimwambia ukweli taratibu, maana alisikia mwenzake ameanza kulia. Kisha akampigia Moez.

"Nilitaka zibaki kwenye familia," Moez alijitetea. "Wewe ukizishika utamwachia nani, dada? Huna mtoto."

Neno hilo lilimchoma Parvin kuliko hila yenyewe.

"Nitamwachia nitakayemtaka. Ungeniomba, Moez, ningekuuzia. Kwa bei ya haki, lakini ningekuuzia. Sasa siuzi."

Hakuuza. Masika yale riba ya kwanza iliingia kwenye akaunti yake, akabadilisha bati lililokuwa likivuja stoo. Fareen alizikomboa baadhi ya bangili zake kwa sonara aliyemuuzia. Nyingine zilikuwa zimeshayeyushwa. Humpigia wifi yake kila Jumapili, wakazungumza mpaka salio liishe.

Na Moez pia wanaongea. Ila akisema tu mvua inanyesha Dar, Parvin humuuliza Fareen kwanza.