Vitambaa Vilivyokatwa

Mtaa mzima ulimwita Bibi Mkasi, na jina hilo hakupewa bure. Ukimpelekea kitambaa anakikata papo hapo. Kushona ni majaliwa. Kikishakatwa utakipeleka kwa fundi gani tena? Ujanja huo aliuokota ukubwani. Mama yake, aliyemfundisha kazi kwenye cherehani ileile ya kukanyaga, angemzaba kibao.

Enzi za mama, jamani! Chumba kikinukia mafuta ya cherehani na pasi ya mkaa, redio ikiimba dirishani, na mkasi hauguswi mpaka nguo ya jana iwe imetundikwa, vifungo na yote. "Maliza moja, mwanangu, ndipo ushike nyingine." Alikuwa mkali, lakini Bibi Mkasi angetoa chochote amsikie akigomba tena.

Sasa madeni nayo aliyafanya vilevile. Alichukua televisheni kwa malipo ya kila mwezi, akakopa kwenye simu ili ailipie, akakopa kwa jirani, muuza vyombo, ili alipe ya simu. Kila mdai alimtupia kidogo anyamaze. Walinyamaza kweli, ila riba ilizidi kunenepa, ya jirani kuliko zote.

"Shoga, mwisho wa mwezi naja kuchukua cherehani," jirani akamwambia. "Si ndiyo uliyoweka rehani?"

Alilia, mkono kwenye gurudumu lililolainishwa na kiganja cha mama. Alipoinua macho akaona lundo la vitambaa vilivyokatwa, hata kimoja hakijashonwa. "Ala! Kumbe ndivyo ninavyolipa madeni!"

Televisheni akairudisha dukani, wakafuta salio. Wa simu akawaomba wampangie upya, wakakubali kwa kununa. Kisha akashona nguo moja hadi mwisho, akaitundika, akamwita mwenye nguo amalizie malipo, ndipo akashika ya pili. Kila alichopata kilikwenda kwa jirani.

Mwisho wa mwezi jirani alifika na mkokoteni. Akahesabu pesa, akarudia kuhesabu.

"Zote?"

"Zote, shoga. Sasa zamu ya wa simu."

Mkokoteni uliondoka mtupu. Nyuma yake akaingia mteja na kitambaa kizuri cha hariri. "Kikate basi, nione."

Bibi Mkasi alikitamani. Akatazama gauni lililobaki nusu kwenye cherehani. "Sikikati leo, dada. Nina la mtu hapa."

Mteja akakunja hariri yake, akaenda kwa fundi mwingine. Iliuma. Bibi Mkasi akamwacha aende, akakanyaga cherehani ya mama.