Damu ya Shangazi Yakaribishwa, Shangazi Angoje Nje

Kama mnadhani likizo hii nilikaa Lodwar nikisoma, kama nilivyomwahidi mwalimu wa zamu, basi mmenisahau. Nilisafiri. Nilienda Kakuma nikarudi, nikaenda tena nikarudi tena, na sababu ya yote hayo ni damu kidogo ya shangazi yangu Akiru, isiyozidi wino wa kalamu mpya.

Shangazi ni mjane. Mumewe, dereva wa lori, alikonda mpaka mshipi ukamzunguka mara mbili, kisha akafa. Jamaa zake walisema amerogwa, wakamchinjia mbuzi. Mbuzi naye akafa bure. Mwaka huu akaja Ekidor, fundi wa baiskeli wa hapa kwetu Kanamkemer, pembezoni mwa Lodwar, akataka kumwoa. Shangazi anampenda, hilo hata kuku wanajua. Lakini pasta akasema hawezi kufungisha ndoa ya mjane mpaka mjane apimwe ukimwi.

"Sheria inasema," akasema pasta.

Ekidor akasema yeye atamwoa hivyo hivyo, pasta apende asipende. Aliyekataa ni shangazi.

"Si mambo ya pasta," aliniambia tukiosha vyombo. "Mimi mwenyewe nataka kujua. Nimechoka kuamka kila asubuhi nikijitazama kwa kioo nikitafuta kifo."

Nikaisuuza sufuria ile ile mara tatu, na nyinyi mnajua ninavyochukia vyombo.

Asubuhi iliyofuata tulianzia hospitali moja hapa mjini. Mimi nilipelekwa kama mkalimani, kwa sababu ofisi hupenda Kiingereza, na mimi Kiingereza changu ndicho pekee kwenye ripoti ambacho hakikuandikwa kwa wino mwekundu. Karani wa maabara alitusikiliza akichokonoa meno.

"Hapa hatupimi watu, mama. Tunapima damu."

"Damu yangu iko ndani ya mtu," shangazi akasema.

"Ukija kumtolea mgonjwa damu, hiyo tutaipima."

"Basi nitatoa. Mtaniambia majibu?"

"Hapana. Ikiwa mbaya tunaimwaga."

"Na mimi?"

"Wewe unaenda nyumbani."

"Bila kujua?"

"Sheria inasema ni siri. Hakuna mtu anaambiwa."

"Hata mwenye damu?"

Karani akafikiri. "Mwenye damu si mtu?"

Tulipotoka, mama mmoja anayeuza mahamri langoni akatuambia kwamba huko Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, wanapima mtu na kumwambia. Shangazi akanunua mahamri ya njiani papo hapo.

Barabara ya Kakuma tuliipita juu ya lori la mahindi, katika msafara wenye polisi mbele na polisi nyuma, kwa ajili ya majambazi. Jua lilitupiga mpaka nikaanza kuonea wivu magunia ya chini. Kila lori lilipoingia kwenye laga, yale makorongo makavu ya mchanga, na kutoka, shangazi alilitaja jina la Mungu, na utingo akamwambia, "Mama, usimchoshe, laga bado ni nyingi." Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo shangazi kucheka.

Mchana tulifika lango la hospitali ya kambi. Askari wa hapo alikuwa mtu wetu kabisa, tukaamkiana kwa Kiturkana, ejok na ejok, yaani nzuri na nzuri, nikadhani tumeshapita.

"Hospitali hii ni ya wakimbizi," akasema. "Nyinyi mmetoka wapi?"

"Lodwar."

"Hiyo ni Kenya."

"Kwani hapa ni wapi?" shangazi akauliza.

"Hapa ni Kenya pia, lakini..." Akatazama juu, akatazama chini, akaipata. "Sheria inasema mkimbizi ni mtu amekimbia."

"Huyu amekimbia," nikasema.

"Amekimbia nini?"

"Pasta."

Wanawake wa Sudan waliokuwa kwenye foleni ya maji hapo langoni na mitungi yao ya plastiki wakaangua kicheko. Mmoja wao, mrefu mpaka kivuli chake kilitutosha sote, akamwambia askari, "Wewe, wacha yeye apite! Mimi nakimbia vita, yeye nakimbia kanisa. Sisi yote nachoka!"

Askari akafungua lango. Ndivyo shangazi yangu alivyokuwa mkimbizi kutoka Kanamkemer.

Ndani tulipokewa na mshauri, mama wa Kikongo aliyejiita Mama Furaha, ambaye Kiswahili chake kilinifanya nijiulize kama changu ndicho kibovu.

"Ikala hapa, mama. Batu bengi banakuya banaogopa. Haiko haya." Kisha akauliza bila kuzunguka, "Tukikuta uko na virusi, utafanya nini?"

"Mtanipa dawa?"

"Dawa iko."

Shangazi akanyanyuka kidogo kwenye kiti.

"Iko Ulaya," Mama Furaha akamalizia. "Huku bado haiyafika. Huku tuko na vidonge vya homa, na maneno."

"Sasa mnapima watu kwa nini?"

Mama Furaha hakukasirika. Nadhani alikuwa ameulizwa hivyo na wengi. "Juu ujue, mama. Mwenye anajua anajichunga, na anamuchunga mwenye anapenda."

Shangazi akakunja mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko. Halafu akanyoosha mkono atolewe damu.

Hapo mimi nilishapanga tungelala kwa binamu yetu anayeishi Kakuma na kurudi nyumbani na majibu. Mama Furaha akatuondolea ndoto hiyo. Dawa ya kupimia ilikuwa imewaishia. Damu ingepelekwa kupimwa kwingine.

"Wapi?" nikauliza.

"Lodwar."

Ndiyo, wapendwa. Hospitali ile ile. Karani yule yule.

Kesho yake gari la hospitali likatupa lifti, kwa masharti ya dereva kwamba mmoja wetu apakate kisanduku cha barafu chenye damu, isije ikarukaruka. Nikapakata mimi. Kila tuliporuka kwenye shimo, shangazi alinifinya paja.

"Shikilia vizuri, wewe msichana. Huyo ni mimi."

Tulipofika Lodwar, karani aliona kisanduku, akasimama, akaacha kuchokonoa meno, akakipokea kwa mikono miwili kama mgeni wa heshima. "Karibu, karibu, ingia," alikiambia, wallahi. Shangazi akafuata nyuma yake.

"Mama, wewe ngoja nje."

"Hiyo ni damu yangu!"

"Hiyo ni damu ya namba. Wewe una jina."

Tukangoja nje. Shangazi aliutazama mlango ule kama mtu anayesikia jina lake likitajwa ndani ya nyumba asiyoruhusiwa kuingia. Na damu ilipokwisha kupimwa, karani akatuambia kwamba majibu hutolewa mahali mtu alipotolewa damu. Sheria inasema. Majibu yakafungiwa ndani ya kisanduku kile kile, sisi tukapanda gari lile lile, tukarudi Kakuma. Safari hii shangazi hakutaka kisanduku kiwe karibu naye. Alikaa mbali, akaangalia vichaka njia nzima. Utani wangu wote ulibaki Lodwar.

Jioni ya siku ile Mama Furaha alimwita ndani peke yake. Mimi nilibaki nje na yule Msudani mrefu, ambaye alinisogezea mtungi wake nikalie.

Shangazi akatoka.

"Ejok?" nikamuuliza.

"Ejok," akajibu.

Sasa hilo si jibu. Kwetu hata anayebebwa kwa machela hujibu ejok. Akakaa chini, akavua kiatu, akamwaga mchanga, akakivaa tena. "Sina," akasema. "Sina, mtoto wangu." Ndipo akalia, na yule Msudani akamnawisha uso kwa maji aliyoyapangia foleni tangu asubuhi.

Nilichojifunza katika safari hii ni kwamba kila mtu aliyetuzuia alikuwa na sheria, na hakuna hata mmoja aliyeweza kutuonyesha inakaa wapi. Na kwamba mtu anaweza kwenda mbali hivyo kutafuta jambo lisilo na dawa, na akawa na akili kuliko wote waliomzuia. Na kwamba Ekidor, ambaye jina lake maana yake ni lango, hajui mambo ya malango.

Maana tuliporudi Kanamkemer tulimkuta barabarani na baiskeli yake, akiwa amenyoa ndevu. Alipoambiwa, alipiga kelele za furaha, akaikalia baiskeli tayari kwenda kwa pasta. Shangazi akashika kiti kwa nyuma.

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Sheria ya pasta inasema mjane. Yangu inasema wote wawili."

Ekidor akakuna kidevu kilichonyolewa. Alishuka kwenye baiskeli polepole. "Sawa, Akiru. Kama wewe umeweza," akasema. "Lakini nitapimwa wapi?"

Shangazi akanitazama mimi, mwenye uzoefu. Nikaweka mfuko wangu chini.

"Kwanza," nikamwambia, "tukae tuamue wewe umekimbia nini."