Fundi Anayeezua Kabla ya Kimbunga

Asubuhi hii hakuna jani linalotikisika kijijini El Guásimo. Jua limewaka tangu mapema, mbuzi wamejilaza katikati ya barabara, na juu ya nyumba ya Migdalia Crespo yupo mwanamume mwenye kofia ya majani anang'oa misumari ya paa ambalo halina ubovu wowote.

Msumari ukitoka anautupa chini. Migdalia anauokota na kuutia kwenye kopo. Mungu akipenda ataunyoosha kwa jiwe na utarudi palepale ulipotoka, maana misumari mipya huku imeshakuwa hadithi.

“Ukinivulia paa bure kama mwaka juzi,” anamwambia fundi bila kuinua kichwa, “nitahamia kitandani kwako, na Zenaida wako atajua pa kwenda.”

“Zenaida anakoroma, dada Migdalia. Hutamaliza usiku mmoja.”

Migdalia anacheka. Fundi hacheki. Anashika msumari unaofuata na kuuvuta polepole, usije ukavunjika kichwa.

Fundi huyo ni Nivaldo Echarte, umri wake miaka hamsini na minane, seremala wa mabani ya kukaushia tumbaku katika wilaya ya San Juan y Martínez, magharibi ya Cuba. Ukimtazama mikono utadhani ameazima kwa mtu mkubwa zaidi. Goti lake la kushoto lilivunjika zamani na halikuunga vizuri, kwa hiyo ngazi anaipanda kwa mguu mmoja, ule mwingine anaukokota.

Mshahara wake wa mwezi haununui bati moja, hata kama bati lingekuwepo dukani, na halipo. Kujenga mabani ndiyo kazi anayolipwa. Hii ya leo halipwi. Redio ikitangaza kimbunga, Nivaldo anapita nyumba kwa nyumba kuezua. Anapewa kahawa, au kipande cha nyama ya nguruwe, au ahadi.

Asiyewajua watu hawa atasema wamechanganyikiwa. Wao wanajua wanachofanya. Bati likiachwa juu, upepo unaingia chini yake, unalinyanyua, na ukilinyanyua unaondoka na mbao za papi na kenchi, na ukuta pia. Basi unalivua mwenyewe, unalilaza kwenye mtaro wa shamba la tumbaku, unalifukia kwa udongo na mawe, kisha unabeba godoro na nguruwe wako unakwenda kujihifadhi kwa jirani mwenye nyumba ya zege. Kimbunga kikishapita unarudi, unafukua mali yako na kuipigilia tena.

Nivaldo amejiwekea sheria moja katika kazi hiyo. Nyumba yake inavuliwa ya kwanza na kuezekwa ya mwisho.

“Nani atakubali nimwezue wakati paa langu liko juu linameremeta?” anauliza. “Lazima wapite kwangu waone niko uchi. Na nikianza kurudisha kwangu, watasema fundi amejitazama mwenyewe.”

Sheria hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwaka juzi redio ilisema kimbunga kinakuja moja kwa moja. Nivaldo akaezua kwake, akaezua kijiji karibu kizima. Kisha hicho kitu kikabadili nia baharini, kikapinda kaskazini, kikaenda zake. Upepo haukufika. Ulifika mkia wake, yaani mvua, siku baada ya siku, juu ya vijumba visivyo na paa.

Mama yake, Domitila, alikuwa na miaka themanini na minne na alikuwa akiishi na Nivaldo. Alikaa siku mbili katika nyumba ya zege, akachoka. “Sikuzaliwa kulala kwa watu,” alisema, akajikongoja mpaka kwake, akalala kitandani mwake chini ya kipande cha nailoni. Nivaldo alikuwa juu ya mapaa ya wengine. Alipopita jioni kumjulia hali, alimkuta amelala ubavu na maji yanachuruzika pembeni ya mto.

“Nikamwambia, kesho, mama. Keshoye nikamwambia hivyohivyo. Akanijibu, nenda mwanangu, watu wanakungoja. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.”



Siku aliyopanda hatimaye kuezeka kwake, Domitila alikuwa na homa na kifua kinabana. Alifia hospitali ya mjini Pinar kabla mwezi haujaisha. Makaburini, mdogo wake Nivaldo, Orestes, alimnyooshea kidole mbele ya watu wote. “Huyu ndiye aliyemwezua mama,” alisema.

Tangu siku hiyo Orestes hajamwita kaka. Akilazimika kusema naye, humwita fundi.

Nivaldo alitundika nyundo, akaapa hatagusa tena paa la mtu. Aliyeivunja yamini hiyo ni Migdalia, alipofika na chupa ya kahawa siku redio ilipoanza tena kelele zake. “Usiponivulia nitapanda mwenyewe,” alimwambia. “Nikianguka, jeneza utanichongea wewe.”

Nivaldo akatazama juu, kwenye bati lake. Mkewe Zenaida ndiye aliyeleta ngazi.

Safari hii si wote waliokubali. Yaliyotokea mwaka juzi hayajasahaulika. Mzee Casimiro Puentes, aliyestaafu kazi ya kusokota sigara, alimsikiliza kwa adabu mlangoni, akamjibu, “Bwana Nivaldo, paa langu na mimi tumezeeka pamoja. Tuache.” Nivaldo akasema haya, akamtakia mema, akaenda zake. Neno hilo, haya, analirudia mpaka leo.

Kufikia adhuhuri ya siku ya pili mawingu yalikuwa yameanza kukimbia chini chini. Malori ya serikali yalishachukua waliotaka kwenda mjini, na waliobaki walikuwa wakimiminika nyumbani kwa Orquídea Valdivia, mwalimu mstaafu mwenye nyumba ya zege. Mwalimu alisimama mlangoni akipanga watu kama wanafunzi. “Nguruwe chooni, friji barazani, watoto chumba cha ndani. Atakayetema mate sakafuni kwangu atatoka akapambane na kimbunga.”

Kisha akamshika Nivaldo mkono. “Orestes simwoni.”

Orestes anaishi bondeni, karibu na mto. Analima kwa maksai, na maksai wake alishawapeleka mlimani. Mkewe Yanelis na binti yao waliondoka na lori asubuhi, na televisheni yao imefungwa kwenye shuka. Yeye alibaki na nyumba, paa likiwa juu, kila bati mahali pake.

“Mwache, Nivaldo,” Zenaida alisema. “Utakwenda kutafuta matusi.”

“Matusi hayaui,” Nivaldo alimjibu, akachukua nyundo.

Alimkuta nduguye amekaa kizingitini anakula muhogo wa baridi. Hawakusalimiana.

“Twende kwa mwalimu,” Nivaldo alisema.

“Nenda, fundi. Nani amekuzuia?”

“Nikuezue kwanza.”

“Umeshaezua mmoja katika familia hii. Anatosha.”

Anasema hapo miguu ilitaka kugeuka yenyewe. Badala ya kugeuka, alichukua ngazi iliyokuwa imeegemea ukutani, akaisimamisha, akapanda. Hakuomba ruhusa. Aliwaza kwamba mtu anakaa kulinda nyumba kwa sababu ina paa. Likiondoka, atabaki analinda nini?

Orestes alimaliza muhogo wake. Alipofuta mikono, alisimama, akaiondoa ngazi na kuilaza nyasini.

“Basi kaa hukohuko na ufundi wako,” alisema.

Hebu fikiria mtu wa miaka hamsini na minane, goti bovu, juu ya paa la mtu, ngazi hakuna, na migomba imeanza kulala upande mmoja. Nivaldo akaendelea kung'oa. Alianzia kofia ya paa, akashuka safu kwa safu. Bati la kwanza lilipolegea akalishika kwa mikono miwili, akaita, “Pokea.”

Orestes akakunja mikono kifuani.

“Nikiliachia litapinda.”

“Liachie.”

“Orestes, hili bati alilinunua baba.”

Ni kweli lilikuwa la baba yao. Mabati ya nyumba ile na ya Nivaldo yalitoka siku moja, kwenye gari moja la maksai, na marehemu baba yao ndiye aliyeyagawa. Upepo ukalipiga lile bati kwa chini, likamrusha Nivaldo nyuma akakalia kenchi. Alikuwa hana mkono mwingine wa kujishikia. Ndipo Orestes akaja na kulipokea.

Mmoja aling'oa, mwingine alipokea na kukimbia nalo mtaroni. Mvua ilianza wakiwa katikati ya kazi. Bati la mwisho liliposhuka Nivaldo alikuwa amesimama juu ya ukuta mtupu, ameishikilia boriti kama mtoto anavyomshika mama yake sokoni. Orestes alirudisha ngazi, akaishika chini kwa miguu na mikono mpaka mwenzake akafika ardhini. Kisha akatangulia njiani bila kugeuka nyuma.

Kimbunga kilifika alasiri. Nyumbani kwa mwalimu watu walikaa migongo ukutani, nguruwe wakilia chooni, Migdalia akimwomba Bikira Maria wa Cobre kwa sauti na mwalimu akimsahihisha sala. Kila mara bati la mtu lilipita nje likiburuzwa, na kila mmoja alitazama chini ili asionekane anafurahi kuwa si lake. Orestes alikaa upande mmoja wa chumba, Nivaldo upande wa pili.

Kesho yake waliokuwa kwa mwalimu walitoka wote wazima. Hilo liandikwe, maana si kila mahali waliweza kusema hivyo. Lakini hakukuwa na la kushangilia. Mabani yalikuwa yamelala chini, yote, pamoja na yale aliyoyajenga Nivaldo tangu ujana wake. Kitalu cha miche kilikuwa ziwa la matope. Nyingi ya nyumba zilizobaki na mapaa zilikuwa zimeangukia ubavu. Zile zilizovuliwa zilisimama, zimelowa, zimevimba mbao, lakini zimesimama, na ya Orestes ilikuwa mojawapo ingawa mto ulifika dirishani.

Mzee Casimiro alikutwa chini ya boriti ya katikati. Tochi yake ilikuwa bado inawaka.

Nivaldo ndiye aliyemchongea jeneza, kwa mbao za bani lililoanguka. “Kwa Orestes nilipanda bila ruhusa,” anasema. “Kwa Casimiro niliomba ruhusa. Sasa niambie wewe, adabu imemsaidia nini yule mzee?”

Walipotoka makaburini mawingu meusi yalikuwa yamesimama tena kusini. Ni mkia, ule ambao watu wa hapa wanauogopa kuliko kichwa. Migdalia alishakaa mbele ya nyumba yake na kopo la misumari iliyonyooshwa, wa kwanza kwenye foleni kama kawaida. Nivaldo akashika njia kwenda kwa Migdalia.

Alipokatiza mbele ya nyumba yake mwenyewe akamkuta Orestes. Amechafuka udongo mpaka kiunoni, na mabati ya Nivaldo yameshafukuliwa na kuegemezwa ukutani. Ngazi aliyoibeba begani kutoka bondeni ilikuwa imeshasimamishwa.

“Panda, fundi,” Orestes alisema.

“Migdalia ananingoja.”

“Migdalia ana nailoni.”

“Sheria yangu, Orestes—”

“Sheria yako ilimlaza mama kwenye maji. Panda.”

Nivaldo alijua mdogo wake amesema kweli tupu. Alilia palepale, mbele ya Zenaida, nyundo mkononi. Halafu akapanda kwa mguu wake mmoja. Mvua ilipoanguka, ilikuta paa juu ya kitanda cha Domitila, ambacho kimetandikwa vilevile hadi leo na hakuna anayekilalia. Migdalia alifuata, akilalamika kwa kila msumari. Baada yake wakaenda bondeni, kwa Orestes.

“Kaka hajaniita bado,” Nivaldo anasema. “Lakini ngazi alinishikia.”

Wiki zimepita, umeme haujarudi El Guásimo, na wali na maharagwe meusi vinapikwa nje kwa kuni za mabani. Nivaldo ana rundo la mchanga nyuma ya nyumba, alioubeba mtoni kwa ndoo, na vipande vya nondo alivyovichomoa kwenye vifusi akavinyoosha juu ya jiwe. Saruji hana, na bei yake anaisikia tu kwa watu. Anataka chumba kimoja cha zege, si nyumba, chenye nafasi ya kitanda cha mama yake na ya majirani watakaokuja na nguruwe wao.

Orestes hupita jioni, anamwaga ndoo mbili tatu za mchanga juu ya rundo, anaondoka.

“Nimeshachoka kuvua,” Nivaldo anasema akilitazama rundo. “Kabla sijafa nataka nijenge paa moja ambalo mimi mwenyewe siwezi kuling'oa.”