Mashine na Pipa la Saluni

Mwaka wa kwanza chuoni walimwita Mashine, na jina lilimkaa. Umpe swali la kalkulasi, kalamu haipumziki: ongeza moja kwenye kipeo, gawanya, haya lete lingine! Akavuna A, akatembea kifua mbele. Ile alama ndefu kama ndoano inayotangulia kila swali inafanya kazi gani hasa? Hakuulizwa, naye hakujiuliza. Ajiulize ya nini, na A anayo?

Mwaka wa tatu, maabara ikamuumbua. Mwalimu alijaza tenki, akashika bomba la chini.

"Litaisha baada ya muda gani?"

Mashine akapima kasi ya maji yalipoanza kutoka, akagawanya ujazo wa tenki kwa kasi hiyo chapuchapu. "Dakika kumi!"

Likaisha baada ya ishirini. Darasa likacheka mpaka likakohoa.

"Mashine imeungua!" mmoja akadakia.

"Ijumaa urudi, tenki jingine," mwalimu akasema. "Ukikosea tena, unarudia mwaka."

Akafika nyumbani amevimba. Dada yake, msusi, alikuwa akimsuuza mteja kwenye saluni yake ya chumba cha mbele. Maji yalitoka kwenye pipa jeupe la plastiki lililopandishwa juu ya meza.

"Acha kununa, mdogo wangu. Jaza pipa."

"Mbona bado nusu, dada?"

"Nusu ndiyo nini? Yakishuka yanachoka! Povu litamkaukia huyu."

"Na macho ni yangu, jamani!" mteja akalia.

"Yanachoka?" Mashine akarudia. Mteja alipomaliza, Mashine akajaza pipa, akalifungua, akanyakua penseli ya nyusi. Kila dakika akachora mstari pale maji yalipofika. Mistari ikazidi kukaribiana. Kumbe! Kila sekunde ina kasi yake, huwezi kuchukua ya kwanza ukazivisha zote. Ile ndoano kazi yake ni kukusanya vipande vyote hivyo!

"Penseli yangu!" dada akafoka.

"Nitakununulia mbili, dada'angu."

Ijumaa akapima kasi ya mwanzo, akafunga bomba, akajibu bila kupepesa. "Kasi ya mwanzo ingebaki vilevile, dakika saba. Ila inapungua sawasawa mpaka sifuri, kwa hiyo wastani wake ni nusu. Kumi na nne."

"Umekariri?"

"Nimeona kwa macho yangu, mwalimu. Fungua."

Akakunja mikono, saa hata hakuitazama. Tone la mwisho likadondoka dakika ya kumi na nne, kasoro sekunde chache.

Mwalimu akaandika alama, akamrushia chaki. "Waeleze hawa waliocheka."

Mashine akachora pipa kwanza. Fomula ikafuata.